Tuta Lililoinuliwa

Soma: Mwanzo 2:1–15, Mambo ya Walawi 19:9–14, 2 Samweli 9, 19:24–30, Marko 10:46–52, 1 Wakorintho 12:20–26.

Mwaka 1812 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, Marekani, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya akili. Humo alieleza jambo aliloliona kwa wagonjwa. Wanaume waliopasua kuni, kuwasha moto na kulima bustani, na wanawake waliofua, kupiga pasi na kusugua sakafu, mara nyingi walipata nafuu. Lakini wale ambao vyeo vyao viliwaondolea kazi hizo waliendelea kudhoofika ndani ya kuta za hospitali. Mtu wa cheo alihurumiwa, akaachwa aketi, na huruma hiyo haikumsaidia.

Je, kumwondolea mtu kazi ni kumpenda sikuzote? Chukua mfano wa mama aliyelima mchicha na sukuma wiki maisha yake yote, kisha akapatwa na kiharusi, na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Kanisa linampenda. Kila Jumapili vijana huja kumlimia. "Wewe pumzika, mama," humwambia, "sisi wanao tupo." Naye huwashukuru kwa moyo wote. Lakini wakishaondoka, hubaki barazani akiitazama bustani asiyoweza kuifikia, kwa sababu kati yake na matuta kuna ngazi tatu na udongo uliotifuliwa. Mboga anazo, ila bustani si yake tena, ingawa hakuna aliyekusudia kumnyang'anya.

Kazi Kabla ya Dhambi

Katika Mwanzo 2:15 Mungu anamweka mtu bustanini ili ailime na kuitunza. Jasho na miiba havijatajwa bado. Hivyo vinakuja katika sura ya 3. Basi kuutunza udongo si sehemu ya laana. Ni zawadi aliyopewa mwanadamu pamoja na pumzi yake, na hakuna neno katika sura hiyo linalosema zawadi hiyo ni ya wenye miguu imara tu. Katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji, kilichochapishwa mwaka 1905, Ellen G. White alishauri kwamba wagonjwa watolewe nje kwenye hewa na mimea, na wale wenye uwezo wapewe kazi nyepesi huko. Hakuiona bustani kuwa pambo la hospitali. Aliiona kuwa sehemu ya matibabu.

Jiwe Njiani

Mambo ya Walawi 19 inaweka amri mbili karibu karibu. Katika mafungu ya 9 na 10, mwenye shamba anaagizwa asivune hadi pembeni, ili maskini aokote. Angalia kwamba hakuagizwa kumpelekea maskini gunia la nafaka mlangoni. Aliagizwa kubadili namna yake ya kuvuna, ili maskini aingie shambani na kukusanya kwa mikono yake mwenyewe. Kisha fungu la 14 linakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Katika amri zote mbili, anayetakiwa kubadilika ni mwenye shamba na mwenye njia.

Kisa cha Mefiboshethi kinaonyesha jambo hilo hilo kwa upande wa pili. Daudi alimrudishia mashamba ya Sauli na kumketisha mezani pake. Hata hivyo, Daudi alipokimbia Yerusalemu, mtu huyu mwenye miguu iliyolemaa hakuweza kwenda naye. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitaka kupanda punda, lakini mtumishi wake alimdanganya. Alikuwa na meza na shamba, lakini hakuwa na njia ya kwenda alikotaka.

Kufungua njia hiyo hakuhitaji muujiza. Mwaka 1999 bustani ya mimea ya Chicago ilifungua eneo lililobuniwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, lenye matuta yaliyoinuliwa yanayofikiwa na mtu aliyeketi. Vipimo vyake si siri. Tuta lenye kimo cha sentimita 60 hadi 75 linamfaa mtu wa kiti cha magurudumu. Anayesimama lakini hawezi kuinama anahitaji kama sentimita 90. Likifikiwa upande mmoja tu, upana usizidi sentimita 60. Njia iwe ngumu, yenye upana wa mita 1.5 hivi ili kiti kiweze kugeuka, na mteremko usizidi kimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Pasipo matofali, gunia lililojazwa udongo na samadi linatosha. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wamekuza sukuma wiki katika magunia kwa miaka mingi. Asiyeona husaidiwa na kamba iliyofungwa kandokando ya njia, na harufu ya mchaichai au mrehani humjulisha alipofika. Mnyaa usipandwe hapo, kwa maana utomvu wake hudhuru macho.

Kuuliza Kwanza

Upofu wa Bartimayo ulionekana na kila mtu pale Yeriko. Hata hivyo, Yesu alimwuliza anataka atendewe nini. Hakumponya kabla ya kumsikiliza. Miradi mingi mizuri hukosea hapa: hupangwa na watu wenye nia njema ambao hawakumwuliza mhusika hata neno moja. Kule Chicago, kazi ya bustani za tiba iliongozwa kwa miaka mingi na Gene Rothert, ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu. Alijua kimo cha tuta kwa mikono yake.

Kuuliza pia kunazuia dhuluma. Zamani hospitali nyingi za magonjwa ya akili zilikuwa na mashamba yaliyolimwa na wagonjwa bila malipo, na kazi hiyo ikaitwa tiba. Mwaka 1973 mahakama moja nchini Marekani iliamua kwamba sheria ya kima cha chini cha mshahara iliwahusu pia wagonjwa waliofanya kazi katika taasisi hizo. Yakobo 5:4 ilikuwa imesema juu ya ujira uliozuiliwa zamani sana kabla ya mahakama hiyo. Bustani ya kanisa ikiuza mboga zilizolimwa na watu wenye ulemavu, fedha hizo ni za nani? Na kama mtu akijibu kwamba hapendi kulima, bali angependa kutunza hesabu au kufundisha watoto, jibu lake liheshimiwe.

Asiyeweza Kushika Jembe

Mtu anaweza kupinga: je, mafundisho haya hayamfanyi mtu apimwe kwa kazi yake? Vipi kuhusu yule asiyeweza kuinua hata kijiko? Jibu liko katika mpangilio wa uumbaji. Adamu aliumbwa siku ya sita, na siku yake kamili ya kwanza ilikuwa Sabato. Alipumzika pamoja na Mungu kabla hajavuna kitu. Thamani yake haikutokana na jembe. Jembe lilikuja kama zawadi kwa mtu ambaye tayari alikuwa mpendwa. Tena Mwanzo 2:9 inataja kwanza kwamba miti ilipendeza macho, ndipo ikataja kwamba ilifaa kwa chakula. Asiyeweza kulima ana haki ya kupelekwa chini ya mti. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 23 waliopasuliwa kibofu cha nyongo, ambao dirisha lao lilitazama miti, na wengine 23 walioona ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi.

Basi yule mama asilazimishwe kulima, wala asizuiwe. Aulizwe. Akisema ndiyo, vijana wale wale wanaweza kutengeneza mteremko badala ya ngazi, kuinua tuta moja, na kuendelea kumbebea madumu ya maji. Upendo wao hautapungua, ila utapata kazi nyingine. Paulo anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ni vya lazima. Kanisa litalielewa fungu hilo vizuri zaidi siku mama huyo atakapowafungia wao mchicha wa kwenda nao nyumbani.

Maswali ya Kujadili

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kumletea mtu mavuno na kumfungulia njia ya kuingia shambani? Je, kuna wakati ambapo kumletea ndilo jambo la haki?

2. Zungukeni kiwanja cha kanisa lenu. Ni vikwazo gani ambavyo wenye miguu na macho mazima hawavioni?

3. Ni nani katika darasa lenu ambaye amekuwa akihudumiwa bila kuulizwa anataka nini? Ni nani atakwenda kumwuliza juma hili?

4. Sabato inamfundisha nini mtu anayejiona hana thamani kwa sababu hawezi tena kufanya kazi?