Masazo Ni ya Nani?

(Masomo: Walawi 19:9-10; Ruthu 2)



Sisi wa Upanga na Kariakoo hatulimi hapa, lakini wengi wetu tuna mashamba nyumbani, Njombe, Mbeya, Songea au Kilosa. Kwa hiyo habari ya mbolea ya ruzuku inatuhusu, na Neno la Mungu lina jambo la kutuambia juu yake.

Mungu aliwaamuru Waisraeli wasivune mashamba yao mpaka kwenye pembe, wala wasirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Hayo yalikuwa fungu la maskini na mgeni. Boazi alitii, akafanya na zaidi: aliwaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi, ili Ruthu, mjane na mgeni, aokote bila kuaibishwa. Naye Ruthu alifanya kazi hata jioni.

Katika nchi yetu masazo ya namna hiyo yametolewa zaidi ya mara moja. Mwaka 2008 Serikali ilianza mpango wa vocha: mkulima mdogo alipata mbolea na mbegu za ekari moja kwa nusu bei. Wengi walisaidiwa. Lakini wako waliokosa fedha za kulipia nusu yao, wakaziuza vocha kwa wafanyabiashara. Na wako waliotiliwa sahihi bila kuuona mfuko. Tena mwaka 2022, bei zilipopanda baada ya UVIKO-19 na vita ya Ukraine, Serikali ilitenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa Urea, uliokuwa umezidi shilingi 120,000, ukauzwa 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha.

Je, ile tofauti ya zaidi ya shilingi 50,000 ililipwa na nani? Hazina haina kisima chake cha fedha. Mchukuzi wa Kariakoo anunuapo sabuni hulipa kodi. Mama lishe vivyo hivyo. Basi masuke yale hayakuangushwa na Boazi tajiri peke yake, bali hata na watu waliokuwa na haba.

Huenda mmoja wetu atasema, "Padre, nami ni mkulima, nimejiandikisha kwa haki." Vema, ndugu. Itie mbolea shambani, umshukuru Mungu. Lakini tukimwandikisha mama mzee kijijini kwa ekari asizolima ili mifuko ije kwetu, au tukimwuzia jirani kwa bei ya juu, tumeingia shambani nyuma ya Ruthu na kumnyang'anya alichookota.

Tusiseme kwamba mali ya Serikali haina mwenyewe. Mwenyewe yupo, tunapiga magoti pamoja naye kwenye meza ya Bwana.

Basi upigapo simu nyumbani, usiulize tu, "Mifuko yangu ni mingapi?" Uliza pia, "Yule mjane jirani amepata? Ameandikishwa? Ana nauli ya kufika kwa wakala?" Akiwa hana, mtumie. Nauli hiyo ndiyo suke lako la kuangusha.

Ee Mungu, Mwenye mashamba yote, utuepushe na tamaa ya kuvuna hata pembe za wengine, utupe mikono iliyo tayari kuachia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.