Kujihadhari si Kuhukumu

Asafiriye kutoka Tarime kwenda Kenya hufika Sirari, na akiuvuka mpaka huwa ameingia Isebania. Miji hii miwili imetengwa na mstari uliopatanwa na Waingereza na Wadachi mwaka 1886, wala waliopatana hawakuwauliza wenyeji. Wenyeji walikuwa Wakurya. Hata leo Wairege, Wanyabasi na Wakira wako Tanzania, na Kenya wako. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika, mpaka ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Hao wakabaki ndugu.

Mstari wa ramani, basi, haukuweza kuwafanya ndugu kuwa wageni. Sisi tulio mbali twaweza kwa neno moja. Mzazi wa Songea au wa Moshi aambiwapo kwamba kijana aliyekuja kuposa ni Mkurya, mara huwaza panga, wizi wa ng'ombe na mke kupigwa. Kijana mwenyewe hajafungua kinywa!

Hatusemi kwamba habari hizo zote ni uzushi. Wizi wa mifugo umeua watu, na koo zimepigana. Tarime na Rorya zimewekewa kanda maalum ya polisi, wala si bure. Lakini ng'ombe huyo huyo agombaniwaye ndiye aunganishaye nyumba mbili kwa mahari. Kosa, basi, si la ng'ombe, wala si la damu ya kabila. Tena wakoloni waliwasifu Wakurya kuwa watu wa vita, wakawaandikisha jeshini kwa wingi. Sifa ya namna hiyo nayo ni dhana, maana mtu asifiwaye kwa ukali siku zote mwisho huona haya kuwa mpole.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama mambo yenye shaka yafasiriwe kwa upande ulio mwema. Alikubali. Alifundisha kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema; kwa kuwa katika kosa hili la pili yuko adhulumiwaye. Lakini hakuwa mgeni wa mambo ya dunia: alisema pia kwamba atafutaye kinga ya madhara aweza kukadiria lililo baya zaidi.

Mfugaji wa Sirari na alifunge zizi lake kila jioni. Zizi lililofungwa halimtukani jirani, wala mapendo hayamlazimu mtu kufumba macho. Bali akiamka akakuta ng'ombe hayupo, na kabla ya kufuata nyayo akasema, "Ni wale," amekwisha kuiacha hadhari na kuingia katika hukumu. Na pengine kabla ya jua kuchwa kijana asiye na hatia atapigwa mshale kwa ajili ya jina la ukoo wake.

Jambo huzidi uzito likishikwa na wenye nguvu. Dhana ya mnyonge huishia kinywani mwake. Dhana ya mwenye madaraka huwa amri. Afisa wa mpakani awaulizaye wote hati zao hamwonei mtu. Amwulizaye mmoja tu kwa sababu ya lafudhi yake, huyo amekwisha kumhukumu. Wazee waketio katika iritongo, mwalimu mkuu, naam, na padre, wote hawa waweza kumfanya mtu awe vile walivyomdhania.

Nathanaeli aliidharau Nazareti. Filipo hakubishana naye, alimwalika tu aje aone. Na Bwana wetu, badala ya kumkemea, alimsifu kwa unyofu wake. Mzazi yule wa Songea naye na amkaribishe kijana ndani. Amwulize kazi yake na sakramenti zake, apeleke neno kwa paroko wa kwao, angoje tangazo la ndoa lisomwe kanisani kama ilivyo desturi. Kisha ndipo ajibu ndiyo au siyo.