Kipi Kivunjike?

Kuna swali ambalo wachezaji wa magari ya rimoti hulijibu kila wanaposhika bisibisi, bila kujua kwamba ni swali la maadili. Swali lenyewe ni hili: ikiwa pigo haliepukiki, nani alibebe? Usicheke. Najua wengi wenu mkisikia gari la rimoti mnawaza watoto wa wakubwa na zawadi za sikukuu. Vumilia kidogo, tutafika.

Gari ninalolizungumzia ni bagi, ile ya kukimbizwa kwenye vumbi na matuta, ukubwa wake sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Asili yake ni mbali na kwetu. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa Rough Rider mwaka 1979, kisha mwaka 1984 ikatoa Grasshopper na Hornet, ndugu wawili wa chasisi moja, mmoja akipewa mota ndogo ya 380 na mwenzake ya 540. Mwaka huohuo, kule California, Team Associated wakatoa RC10, aliyoibuni Roger Curtis: chasisi ya alumini yenye rangi ya dhahabu, na mikono ya kushikilia matairi ya nailoni. Hilo la nailoni nalisisitiza makusudi. Jamaa walikuwa na alumini mezani, wakaitumia kwenye chasisi. Mikono, ambayo ndiyo inayokutana na dunia kwanza, wakaifanya ya plastiki. Kwa nini?

Jibu analipata kila kijana anayeamua kuikaza bagi yake. Mshikaji wangu mmoja, ambaye tunakimbiza naye jioni, alichoka kuvunja mikono. Akadunduliza miezi mitatu, akaagiza ya alumini, inang'aa hadi unaona haya kuitia vumbi. Siku ya pili akagonga ukingo wa barabara. Mkono mzima! Haukupata hata mkwaruzo wa maana. Kilichopasuka ni kile kitako kinachoushika mkono kwenye chasisi, na kukibadilisha hicho lazima ufungue nusu ya gari.

Ndo kusema pigo halipotei eti kwa sababu umekaza mahali lilipotua. Linapita hapo, linatafuta mlango wa pili. Ukaze na huo, litakwenda wa tatu, na mwisho wa safari hiyo ni chasisi iliyopinda. Tena alumini ina kiburi chake: nailoni inakunjika na kurudi, alumini ikikunjika imekunjika, na gari litavuta upande mmoja hadi uibadilishe. Siku hizi mambo yamezidi, maana watu wanafunga betri za lithiamu na mota zisizo na brashi kwenye magari ya zamani, nguvu ambazo gia zake hazikuandaliwa kuzibeba. Gari linaruka kama swala, halafu meno ya gia yanabaki chini ya boksi kama punje za mchele.

Wazoefu wanafanya kitu ambacho mara ya kwanza nilidhani ni ushirikina: wanachemsha mikono ya nailoni kwenye sufuria. Mama alinikuta nao jikoni akauliza kama hiyo ni mboga ya leo. Kumbe nailoni hunywa maji. Ikiwa kavu sana ni ngumu, na kwa ugumu wake hukatika ghafla. Ikishakunywa inalegea kidogo, na kule kulegea ndiko kunakoiokoa. Yaani unaiimarisha kwa kuilainisha. Nililifikiria jambo hili siku nyingi kuliko nilivyofikiria mitihani.

Kuna na mengine. Katikati ya servo, ile mota ndogo inayokata kona, na matairi ya mbele, pana kipande chenye springi ambacho kazi yake ni kukubali. Tairi likipigwa, springi inajikunja, na meno laini ya servo hayajui hata kama kumetokea ajali. Na kwenye bagi nyingi za mashindano, kati ya mota na matairi ya nyuma pana klachi ya visahani viwili vilivyobanwa na springi na nati. Gari likitua kutoka angani huku umebana mafuta, visahani vinateleza nukta moja, gia zinapona. Ukiikaza ile nati mno, umeiua kazi yake; ukiilegeza mno, gari haliendi, linanuka moto tu.

Lakini kipande ninachokipenda kuliko vyote ni shokapu. Ndani yake mna mafuta, na pistoni yenye vitundu. Pigo linapoingia, mafuta yanalazimika kupita kwenye vitundu vile polepole, na ukali wa pigo unageuka kuwa joto. Hakuna kilichovunjika. Pigo limegawanywa tu. Lilikuja kwa mara moja, likalipwa kidogo kidogo, magurudumu yote manne yakichangia. Ukiweka mafuta mazito mno, ukidhani ndo umeliimarisha gari, pistoni inakuwa kama imegandishwa, tairi linarukaruka juu ya matuta badala ya kuyafuata, na pigo linafika kwenye chasisi kama lilivyo.

Basi zipo njia mbili. Ama uchague kipande kivunjike kwa niaba ya wengine, ama uligawe pigo. Fundi mwenye akili anatumia zote mbili, na simlaumu kwa ile ya kwanza. Mkono wa nailoni ni rahisi, uko nje, unabadilishwa kwa boliti chache, na juu ya yote hauna roho. Ukivunjika haukulia, ukitupwa hauna mama. Kuuchagua uwe dhaifu ni busara tupu.

Sasa twende nyumbani.

Sisi tumezaliwa wanne. Baba alipatwa na kiharusi mwaka 2019, na tangu hapo kila pigo linaloingia mlangoni linapitia kwa dada yetu mkubwa. Kodi, dawa, umeme, msiba wa ukoo, cherehani yake ndiyo inayojibu. Alipata nafasi ya kusomea uuguzi akaiahirisha, akaipata tena akaiahirisha tena. Safari hii ni ada ya chuo ya mdogo wetu, na wazee wameshaanza kumzunguka kwa maneno matamu. Baba mdogo ana sentensi yake moja anayoirudia: "Dada yenu ni chuma."

Anasema kwa mapenzi, sina shaka. Lakini mimi nikilisikia neno hilo nasikia bisibisi. Binadamu akishaitwa chuma, hakuna tena anayemuuliza kama anaumia. Sifa imekuwa ruhusa. Na wala si kweli kwamba yeye ndiye mwenye nguvu kuliko sisi. Alikuwa nje tu, karibu na pigo, mwanamke tena wa kwanza kuzaliwa, na wote tukaona ni rahisi kumfikia. Tumemweka pale fundi anapoweka nailoni, halafu tunamsifu kwa kuwa alumini.

Baba mdogo ana hoja, nisimdhulumu. Anasema kila nyumba ina nguzo yake, na nguzo ikikataa kubeba, paa linawaangukia hata watoto. Anasema dada mwenyewe hajalalamika. Hoja ya kwanza naikubali nusu: nguzo ndiyo, lakini nimewahi kuona nyumba ya nguzo moja? Hiyo ni mwavuli. Ya pili siikubali kabisa. Alumini nayo hailalamiki, inapinda kimya, na siku utakayogundua ni siku gari limeshaanza kwenda upande. Dada siku hizi akiitwa huitika mara ya tatu. Macho yapo kwenye kitambaa, yeye hayupo.

Wapo watakaosema nalinganisha mtu na mdoli wa betri, na kwamba nyumba haina fundi aliyeichora. Kweli haina. Ndiyo maana hakuna aliyekaa akaamua kwamba dada avunjike. Tuliacha tu, na pigo likajichagulia njia. Kinachonitisha ni hicho. Kwenye gari angalau kuna mtu aliyefikiri.

Jumapili ijayo kuna kikao cha familia kuhusu ada. Mimi napata vibarua vya kuchapa na kurekebisha simu, si hela ya kujivunia. Nimechukua karatasi nikaigawa ada kwa miezi kumi, nikaandika majina ya kuchangia: langu, la baba mdogo, la mama kwa kiasi cha vitumbua vyake, na la kaka aliye Muscat, ambaye hakuna aliyewahi kumwomba kitu kwa sababu eti yuko mbali. La dada sijaliandika. Kaka nimempigia jana usiku. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani dada amesemaje?" Nikamwambia dada hajui kama nimepiga.