Asiyekubali Kushindwa: Methali Inamwambia Nani?

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, ligi nyingi zikiwa mapumzikoni, mpira huchezwa kwa midomo. Katika steji za bodaboda za Sikuda, wilaya ya Busia upande wa Uganda, ng'ambo ya mpaka katika Busia ya Kenya, na hadi Tororo, mjadala huwa ni huo huo: nani kasajiliwa, kocha gani kafukuzwa, kombe la msimu ujao litaenda wapi. Mashabiki wa Arsenal wana hesabu zao na wa Manchester United wana zao. Wa Gor Mahia, AFC Leopards, SC Villa na Vipers nao hawakosi la kusema. Sina ugomvi na mjadala huo, maana watu wanaobishana juu ya mpira bado wanasikilizana. Ugomvi wangu ni juu ya methali moja isiyokosa kutajwa humo, na namna inavyotajwa.

Nilimsikia kijana mmoja, shabiki wa AFC Leopards, akieleza kwa utulivu kwa nini anaiona timu yake ikimaliza katika nne bora. Alitaja mabeki, akataja ratiba, akakiri kwamba hawana straika wa kutegemewa. Mwenzake wa Gor Mahia, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake na kofia ya chuma mkononi, hakujibu hata hoja moja. Alimkata: "Ndugu yangu, mara ya mwisho ninyi kuchukua ligi ilikuwa 1998. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kubalini basi, mtuachie wenye timu." Watu wakacheka, kijana akanyamaza, na mazungumzo yakahamia kwingine.

Hivyo ndivyo methali ya wazee inavyogeuzwa kuwa amri ya kumnyamazisha mtu. Nasema waziwazi kwamba kijana aliyenyamazishwa ndiye aliyekuwa akiitii, na aliyeitamka ndiye aliyekuwa akiivunja.

Tumezoea kuisikia ikitoka kwa aliyeshinda kumwendea aliyeshindwa, filimbi ya mwisho ikishalia. Kwa mazoea hayo maana yake imekonda: umefungwa, tulia, usilalamike. Wengine huilainisha ikawa neno la pole, kwamba leo si siku yako, mpe mwenzako mkono uende nyumbani. Kutoa pole ni jambo jema. Lakini namna zote mbili zinamfanya aliyeshindwa kuwa ndiye pekee anayeambiwa. Mimi nashikilia kwamba methali hii inamhusu kila anayeingia uwanjani, inamhusu kabla hajaingia, na anayehitaji kuisikia zaidi ni yule anayetarajiwa kushinda.

Tazama inachokisema. Haimwelekezi aliyefungwa afanye nini. Inataja ni nani anayestahili kuitwa mshindani. Na mtu ni mshindani tangu asubuhi ya mechi, wakati timu zote mbili hazijapata bao, wala hangojei matokeo ya jioni ndipo apewe jina hilo. Ikiwa alama ya mshindani ni kukubali kushindwa, basi sharti awe nayo asubuhi hiyo hiyo. Anayeingia akiwa ameapa kwamba hawezi kufungwa hakuja kushindana. Amekuja kuchukua anachodhani ni chake tayari, na yule aliyesimama mbele yake hamhesabu kuwa mtu.

Kwa kipimo hicho mtazame tena shabiki wa Leopards. Klabu yake ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya United, ikatwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1979, 1982, 1983, 1984 na 1997. Kisha, baada ya ubingwa wa ligi wa 1998, zaidi ya robo karne ikapita bila taji hilo. Anajua yote hayo, na bado anarudi kila msimu akiwa na hoja mpya na macho yaliyo wazi. Huyo amekubali kushindwa kwa maana kamili: anajua msimu unaweza kumwendea vibaya, na hakuufanya ujuzi huo kuwa sababu ya kukaa nje. Na mwenzake amesahau historia ya kwake. Gor Mahia ilitwaa ubingwa mwaka 1995, ikakaa miaka 18 hadi 2013 kabla ya kuupata tena. Kama mashabiki wake wangeitii methali kwa maana anayoitumia leo, wangekwisha kuiacha timu zamani, na 2013 isingemkuta mtu wa kushangilia.

Wapo wanaonipinga kwa hoja ambayo siipuuzi. Wanasema: anayekwenda kwenye shindano akiwaza kushindwa ameshashindwa, mchezaji hulelewa kuamini ushindi, na shabiki naye hivyo hivyo. Ukimwambia kijana akubali mapema kwamba anaweza kupoteza, umempunguzia nguvu za miguu.

Hoja hiyo inachanganya kukubali na kuridhia. Mama anayenunua magunia ya maharage upande wa Uganda ili ayauze Busia ya Kenya anajua kabla hajavuka kwamba bei inaweza kuanguka, au shilingi ya upande mmoja ikapanda ghafla na faida yote ikaishia kwa mbadilisha fedha. Hakuna anayemwambia kwamba kwa kulijua hilo ameshafilisika. Kwa sababu analijua, anachagua maharage kwa makini, anauliza bei mapema, na habebi mtaji wake wote kwa siku moja. Asiyeikubali hasara iwezekanayo hafanyi biashara, anafanya pupa. Kadhalika timu: inayojua kwamba inaweza kufungwa ndiyo inayokaba hadi dakika ya mwisho. Isiyojua hilo hupigwa bao moja ikachanganyikiwa, maana imekutwa na jambo ambalo haikuliwekea nafasi moyoni.

Ushahidi tuliuona kwa macho yetu Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa mashindano ya CHAN. Harambee Stars, timu ya Kenya, walipangwa na Morocco, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Angola na Zambia, na kabla ya filimbi ya kwanza wengi hawakuwapa nafasi. Wakaifunga Kongo, wakatoka sare na Angola, na tarehe 10 Agosti, wakiwa wamebaki wachezaji kumi uwanjani, wakaifunga Morocco 1-0 pale Kasarani. Wakaongoza kundi. Siku kumi na mbili baadaye Madagascar ikawatoa robo fainali kwa mikwaju ya penalti. Uganda nayo ilitolewa hatua hiyo hiyo na Senegal, na Tanzania ikatolewa na Morocco. Wenyeji wote watatu wakatoka kabla ya nusu fainali.

Wengi wetu tulibaki na huzuni ya Madagascar. Mimi nakuomba uwatazame Morocco. Walifungwa Kasarani na wenyeji waliobaki kumi, jambo ambalo timu yenye kiburi ingelitafutia visingizio mwezi mzima. Wao walirekebisha walichorekebisha, wakaenda mechi kwa mechi, na tarehe 30 Agosti wakarudi Kasarani pale pale wakaifunga Madagascar 3-2 na kuondoka na kombe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwao kukubali kushindwa hakukuwa kuinamisha kichwa. Kulikuwa kazi iliyofanywa ndani ya siku ishirini.

Sasa niseme upande mwingine, kwa sababu methali hii ina mpaka wake, na asiyeuona mpaka huo huwatumia wanyonge vibaya. Kukubali kushindwa hakuna maana pale ambapo hapakuwa na shindano. Mwaka 2003 katika ligi kuu ya Uganda, SC Villa ikiwa katika mbio za ubingwa, iliifunga Akol mabao 22 kwa 1. Hakuna mpenzi wa mpira aliyesikia matokeo hayo akadhani ni mpira. Nani angethubutu kumwambia mpinzani wa Villa katika mbio zile kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani? Kushindwa ni jambo moja, kunyang'anywa ni jambo jingine. Anayelalamikia dhuluma hakuivunja methali. Aliyeivunja ni yule aliyeogopa kushindwa kiasi cha kuliua shindano lenyewe. Ndiyo maana nasema inamhusu kwanza mwenye nguvu: mnyonge akikataa kushindwa atapiga kelele tu, bali mwenye nguvu akikataa kushindwa ataharibu uwanja, refa na kanuni.

Na sisi mashabiki, tuna nguvu gani? Tuna midomo, tuna fedha zetu kidogo, na tuna mioyo yetu. Katika hayo matatu tunaikosea methali kila msimu.

Tuanze na midomo. Tarehe 22 Januari 2023 Arsenal iliifunga Manchester United 3-2. Siku iliyofuata mashabiki wa Arsenal wakaandamana katika mitaa ya Jinja wakiwa na jezi nyekundu na kombe mkononi, na polisi wakawakamata wanane kwa kuandamana bila kibali. Habari ile ilizunguka dunia nzima na watu wengi waliwacheka polisi. Furaha yao siilaumu, na sidhani palikuwa na haja ya pingu. Ninachokilaumu ni lile kombe. Ilikuwa Januari, na nusu ya msimu ilikuwa bado. Mei ilipofika bingwa alikuwa Manchester City, Arsenal wakawa wa pili, na nafasi ya pili wakaishika tena misimu miwili iliyofuata. Kutangulia si kufika. Anayebeba kombe Januari amemwondoa mpinzani kichwani mwake, na siku mpinzani anapomrudia hana pa kumweka ila kumlaumu refa.

La fedha ni zito zaidi. Vijana wetu wanabeti. Mjadala wa nani atashinda haukomi tena kwenye mabishano. Unaishia kwenye mkeka, na mkeka ukichanika, ada ya mtoto imekwenda, au hesabu ya jioni ya mwenye pikipiki. Nawasikia wakijitetea kwa methali hii hii: "Nimeshindwa, nimekubali, kesho naweka tena." Hapana, ndugu yangu, hujakubali. Kukubali kushindwa ni kuweka mezani kile unachoweza kukikosa. Aliyeweka chakula cha nyumbani kwake ameweka kisichokuwa chake kukipoteza, na wanaoshindwa kwa niaba yake ni mke na watoto ambao hakuna aliyewauliza. Kurudia kesho yake si ushujaa wa mshindani. Ni kukataa kushindwa kulikovaa nguo ya uvumilivu.

Na la mioyo. Mei 2009, Arsenal ilipotolewa na Manchester United katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, shabiki mmoja jijini Nairobi alijiua. Simtaji ili nimhukumu. Mungu ndiye ajuaye mzigo aliokuwa nao, na pengine mpira ulikuwa tone la mwisho tu. Namtaja kwa sababu wapo kati yetu ambao hawana furaha nyingine wiki nzima ila dakika tisini, na kila tunapowachekelea timu yao inapofungwa hatujui tunagusa nini. Mtani mwema huacha mlango. Shabiki mwenzako akifungwa Jumapili, Jumatatu muulize hali yake kabla hujamuuliza matokeo.

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu somo hili haliishii kwenye mpira. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na mwaka huo huo Wakenya watapiga kura. Tutaisikia methali hii majukwaani, na kama kawaida wataitamka walioshinda kuwaelekea walioshindwa, matokeo yakishatangazwa. Wakati huo itakuwa imechelewa. Ingepaswa kutamkwa kabla ya siku ya kura, na kwa sauti kubwa zaidi mbele ya yule aliyeshika madaraka: je, wewe umekubali kwamba unaweza kushindwa? Akijibu kwa vitendo kwamba amekubali, aliyeshindwa naye atakuwa na sababu ya kukubali. Machafuko ya Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwafundisha watu wa Busia, Uganda kwa Kenya, jinsi barabara inavyofungwa na bidhaa kukwama pale watu wanaposhindana bila yeyote kuwa tayari kushindwa.

Kwa hiyo bishaneni. Tajeni usajili, hesabuni pointi, mpange vikosi steji hadi jua lizame. Lakini kila anayetabiri ubingwa wa timu yake aambiwe amalize sentensi: na msipoupata, utasema nini, na utafanya nini? Mwenye jibu la kueleweka apewe nafasi ya kuzungumza hata kama timu yake ilishika mkia mwaka jana. Asiye na jibu asimtupie mwenzake methali hii, hata kama klabu yake ina makombe ya kujaza kabati.