Mbunge Asemapo Ndiyo

Mjadala wa Muswada ukiisha, Spika wa Bunge letu huko Dodoma huwahoji Wabunge kwa maneno yale yale ya siku zote: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Ukumbi huvuma mara mbili. Spika husikiliza, kisha hutamka kwamba walioafiki wameshinda. Katika Taarifa Rasmi ya Bunge, hotuba za Wabunge huandikwa neno kwa neno, na hata makofi na vicheko hutiwa ndani ya mabano. Lakini uamuzi wenyewe huandikwa kwa maneno machache tu, ya kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Nani alisema ndiyo, nani alisema siyo, nani alinyamaza akiitazama meza yake, hayo hayamo.

Twajua kwamba si kura zote zipigwazo hivyo. Bajeti ya Serikali hupigiwa kura kwa kuita majina, na mabadiliko ya Katiba, kwa kuwa yadai theluthi mbili ya Wabunge, hapana budi yahesabiwe. Lakini sheria nyingi zinazogusa shamba la mtu, mifugo yake na mahali pa kulala watoto wake hupita kwa mvumo ule wa ukumbi. Kwa hiyo twapenda kuwauliza wasomaji wetu jambo ambalo pengine hawajapata nafasi ya kulifikiri: huyo asemaye ndiyo, aisema kwa ajili ya nani, na siku ya kuulizwa atamjibu nani?

Swali hili lina uzito popote palipo na Bunge. Ila ziko sehemu ambapo laonekana waziwazi kuliko kwingine, na mojawapo ni mpaka wa Karatu na Ngorongoro. Atokaye Arusha kwa njia ya Makuyuni na Mto wa Mbu hufika Karatu, mji wa wakulima na wa nyumba za wageni. Akiendelea mbele kidogo hufika lango la Lodoare, na hapo aingia katika hifadhi. Upande wa huku, mahindi, ngano na maharage ya Wairaqw yapandwa mpaka karibu na ukingo wa msitu. Upande wa kule, Wamaasai wachunga ng'ombe wao kando ya nyati na pundamilia, na kulima ni kosa. Msitu ule wa nyanda za juu ndio unaotunza maji yashukayo mpaka chemchemi za Mang'ola, yanakolimwa vitunguu vya kuuzwa masoko ya mbali. Na wageni waendao kuitazama Kreta hulala Karatu, hula Karatu, na vijana wa Karatu ndio wawapikiao na kuwaendeshea magari.

Basi na tutazame sheria yenyewe. Mwaka 1959, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya Ngorongoro, ikaitenga na Serengeti nchi iliyo leo ya kilometa za mraba 8,292. Wamaasai waliotolewa Serengeti waliahidiwa kwamba huko wataishi na mifugo yao pamoja na wanyama wa porini. Mwaka 1974 wale waliokuwa wakikaa chini katika Kreta waliondolewa. Mwaka 1975 Bunge letu, Bunge la taifa huru, liliirekebisha sheria hiyo na kupiga marufuku kilimo katika eneo lote. Mwaka 1992 marufuku ililegezwa kwa amri ya Waziri Mkuu, kwa sababu ng'ombe walikuwa hawatoshi tena kulisha watu na bustani ya mahindi nyuma ya boma ilikuwa imekuwa chakula cha watoto. Baadaye ikarudishwa.

Hatusemi kwamba sheria ile haikuwa na sababu. Msitu ukikatwa na miteremko ikilimwa, Karatu nayo itakosa maji, na nchi nzima itapoteza kitu ambacho hakitapandwa tena. Mtu mwenye akili aweza kuisoma sheria hiyo, akapima, akasema ndiyo. Lakini twaomba msomaji aone jinsi mzigo wake ulivyogawanywa. Mkulima wa Karatu alipata maji na wageni, wala hakunyang'anywa jembe. Mtu wa Bukoba au wa Mtwara hakupata wala hakupoteza kitu. Jirani ya mkulima yule, ng'ambo ya lango, ndiye aliyeambiwa aache kulima. Naye Bungeni alikuwa na Mbunge mmoja.

Wako wasemao kwamba Mbunge ni mjumbe tu. Atumwalo na watu wake ndilo alisemalo, na mjumbe hauawi. Kama ndivyo, kazi ya Mbunge wa upande wa Karatu ni nyepesi sana. Watu wake wapenda msitu utunzwe na wageni waje; aseme ndiyo, arudi nyumbani akapongezwe. Mbunge wa Ngorongoro naye aseme siyo, arudi nyumbani akapongezwe vile vile. Kisha wahesabiwe. Na kwa hesabu hiyo, wilaya moja ya wafugaji itashindwa leo, kesho na siku zote, hata ikiwa na Mbunge hodari namna gani. Marehemu Moringe Parkipuny aliingia Bungeni mwaka 1980 kwa ajili ya Ngorongoro, akakaa humo miaka kumi, na kila aliyemsikia alijua kwamba anawasemea watu wake kwa nguvu. Mwaka 1989 alikwenda kuwasemea hata Geneva, mbele ya kikao cha Umoja wa Mataifa. Hodari alikuwa, ila alikuwa mmoja.

Hivyo fikira ya ujumbe haitoshi. Mwairishi Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba Mbunge ana deni kwao la kutumia akili yake, wala si la kutii matakwa yao tu. (Wenyewe hawakupendezwa, mwaka 1780 alijitoa kwao alipoona hawatamchagua tena.) Twaafiki neno lake, lakini twaona linahitaji kuongezewa. Mbunge akiisha kuruhusiwa kutumia akili yake mwenyewe, akili hiyo yapaswa kuelekea wapi kwanza? Kwa maoni yetu, yapaswa kuelekea kwa yule ambaye sheria itamwangukia. Pengine huyo si mpiga kura wake. Pengine hatamwona maisha. Lakini Mbunge wa Bukoba asemapo ndiyo juu ya shamba la Endulen, kwa dakika ile amekuwa mtawala wa mtu wa Endulen, na mtawala hawezi kusema, Huyu si wangu.

Hapa yatubidi tuwe wa haki kwa Wabunge, maana kati ya dhamiri yao na neno lile ndiyo amesimama bwana mwingine, nacho ni chama. Ibara ya 100 ya Katiba yetu yampa Mbunge uhuru wa mawazo na majadiliano, hata mahakama haiwezi kuuhoji. Uhuru huo ni mali ya thamani. Mwaka 1523 Mtakatifu Thomas More, akiwa Spika wa Bunge la Uingereza, alimwomba mfalme awape Wabunge uhuru kama huo. Lakini Ibara ya 71 ya Katiba hiyo hiyo yasema kwamba Mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, kiti chake kimekwisha. Yaani mahakama haimgusi kwa alilosema, ila kikao cha chama kikimfukuza usiku, asubuhi hana jimbo.

Wala hili halikuanza leo. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza wanachama kadhaa waliokuwa Wabunge, akina Kasella-Bantu, Chogga, Anangisye na Mwakitwange, wakapoteza viti vyao. Mwaka 1973 Wabunge walithubutu kuukataa Muswada wa Kodi ya Mapato; Mwalimu Nyerere akawapa kuchagua kati ya kuupitisha na kuvunjwa kwa Bunge, nao wakaupitisha. Mwaka 1975, mwaka ule ule wa marufuku ya kilimo Ngorongoro, chama kiliandikwa katika Katiba kuwa ndicho kishikacho hatamu. Mwaka 1993 Wabunge 55 walileta hoja ya kuwa na Serikali ya Tanganyika, Bunge zima likaifuata kwa namna yake. Mwaka uliofuata, chama kikiisha kusema, Bunge likageuka. Twayataja haya bila kuamua nani alikuwa na haki katika kila shauri. Twataka tu msomaji ajue kwamba Mbunge asemapo ndiyo, huenda amesema kwa hofu ya kukosa mkate wake.

Hata hivyo Karatu yenyewe imeonyesha kwamba hofu hiyo si amri ya Mungu. Mwaka 1995, Willibrod Slaa, aliyekuwa padre na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, hakuteuliwa na CCM kugombea jimbo hilo. Alihamia CHADEMA, na watu wa Karatu wakamfuata huko, wakampeleka Bungeni, wakamrudisha mwaka 2000 na tena mwaka 2005. Tusiingie katika habari ya padre kushika siasa, ambayo Kanisa lina sheria yake. Jambo la kuangaliwa ni wapiga kura. Walimjua mtu, wakamchagua mtu. Mbunge mwenye watu wa namna hiyo nyuma yake aweza kukitazama chama chake usoni.

Lakini watu watamjuaje, ikiwa kura yake imemezwa na mvumo? Basi wengi wasema dawa ni moja: kila kura ipigwe kwa majina. Nasi twaelekea huko, ila si upesi kama wengine, maana kuna ugumu. Kura ya wazi huonwa na wananchi, na huonwa pia na chama. Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014 liligombana kwa majuma juu ya shauri hili. Wengine walitaka kura ya siri, ili mjumbe asitishwe na chama chake. Wengine walitaka ya wazi, ili asiseme hivi hadharani na kutenda vile gizani. Mwisho waliruhusu zote mbili, kila mjumbe achague yake. Ulikuwa uamuzi wa amani, lakini swali lilibaki pale pale lilipokuwa.

Jirani zetu wa Kenya walilijaribu kwa gharama kubwa. Tarehe 25 Juni 2024 Muswada wa Fedha ulipigiwa kura kwa kuhesabiwa, 195 wakiuunga mkono na 106 wakiupinga, na kila Mkenya alijua Mbunge wake yuko upande gani. Siku ile ile vijana waliingia katika majengo ya Bunge, na wako waliopigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi Muswada ambao Serikali yake mwenyewe iliuleta. Kura ya wazi haikuwafanya wale 195 wausikilize umma kabla ya kupiga kura. Iliwafanya wasiweze kukana baada yake, nayo si faida ndogo.

Twasema basi kwamba kura ya majina ni ya haki, mradi ulinzi wa Mbunge dhidi ya chama chake uongezwe pamoja nayo. Kura ya siri yafaa kwa raia, kwa sababu raia ajisemea mwenyewe. Mbunge huwasemea watu, na hayupo mtu awezaye kuwakilishwa asijue amesemewa nini.

Liko na jambo jingine, ambalo husahauliwa kwa sababu halina kelele. Katika Miswada mingi mna maneno mawili mafupi: Waziri aweza. Waziri aweza kutangaza eneo, aweza kubadili mpaka, aweza kufuta. Wabunge huyapitisha wakiwa wamechoka, saa za jioni. Tarehe 2 Agosti 2024, Tangazo la Serikali Namba 673 liliwafutia watu wa Ngorongoro kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96. Halikuwa sheria iliyojadiliwa Bungeni; lilitolewa na Waziri kwa mamlaka ambayo sheria za serikali za mitaa zilikwisha kumpa zamani. Wananchi walijaa barabarani kwa siku kadhaa, na tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha Tangazo hilo. Mtu asiye na kijiji hachagui mwenyekiti wa kijiji. Na alipofutiwa mahali pake, ni shida hata kumwuliza Mbunge wake habari ya kura yake. Waliosema ndiyo juu ya maneno yale mawili, miaka mingi iliyopita, hawakuwa wakifikiri Ngorongoro hata kidogo. Lakini sauti yao ilifika huko.

Tungependa kuona Mbunge yeyote, kabla ya kuafiki kifungu cha namna hiyo, akisimama na kuuliza Waziri atamsikiliza nani kwanza, na kwa muda gani, na asipomsikiliza itakuwaje. Na kwa habari ya Mbunge wa Karatu, chama chake kiwe kipi, siku ya Muswada mwingine wa Ngorongoro, nao utakuja, asiende Dodoma moja kwa moja. Apite kwanza lango la Lodoare, ashuke mpaka Endulen, akakae kutwa nzima na wale ambao hawawezi kumpa kura wala kumnyima.