Keki ya Ugenini: Nasaha kwa Mwalimu Aendaye Thailand

Mdogo wangu, umepata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, kama walivyoipata Wakenya, Waganda na Watanzania waliokutangulia. Mkataba umeusoma, viza unaihangaikia, na wenzako wamekwisha kukuambia usiwaguse watoto kichwani wala usikae umemwelekezea mtu nyayo. Hayo yashike. Mimi nataka kukuusia jambo ambalo huenda hakuna atakayelitaja: siku yako ya kuzaliwa itakapokukuta huko. Ni siku ambayo mgeni hujisahau kuliko siku nyingine zote, kwa kuwa anadhani ni yake peke yake.

Ujue kwanza nani anamkirimu nani. Kwetu mwenye siku hungoja. Wenzake huunda kundi la WhatsApp, huchangishana, humvizia jioni na ndoo ya maji, kisha humshangilia akiwa chapachapa. Thailand mambo huelekea upande wa pili. Mwalimu wa Kithai siku yake ikifika, huenda akaamka alfajiri kuwapa chakula watawa wa Kibudha wanapopita na mabakuli yao, au akatoa msaada hospitalini, au akanunua samaki walio hai na kuwaachia mtoni, akitafuta thawabu. Wenzake akiwaita kula, yeye ndiye hulipa. Basi usikae kitini tangu asubuhi ukihesabu nani amekumbuka na nani amesahau. Nunua keki au matunda, yaweke mezani katika ofisi ya walimu wakati wa chakula cha mchana, sema ni siku yako, urudi kazini. Mwenye kutaka kukuimbia atakuimbia, na kwa Kiingereza, maana wimbo wenyewe wanaujua hivyo hivyo.

Ndoo iache Mwanza au Nakuru. Wathai wana sikukuu yao ya maji, Songkran, tarehe 13 hadi 15 Aprili, na barabarani hulowana hasa. Lakini hata siku hizo mzee humwagiwa taratibu mikononi, mdogo akiomba baraka. Kumlowesha mwalimu mwenzako uwanjani mwezi Septemba hakutamchekesha mtu.

Kulishana keki nako kuache. Kwenye sherehe zetu mwenye siku hupita akiwatia watu vipande mdomoni, wazazi kwanza, mshereheshaji akitangaza, na kamera zikimulika. Mwalimu wa kiume akimfanyia hivyo mwalimu wa kike wa Kithai mbele ya wanafunzi, atamtia aibu ambayo yule dada hataisema. Kata keki, weka kwenye sahani, toa kwa mkono wa kulia, anza na wakubwa.

Huko kutosema ndiko kunakotaka akili zaidi. Mthai aliyelelewa vizuri huona tabu kumkatalia mtu, na huona tabu zaidi kumtwisha mwenzake mzigo. Ukisema, "Jumamosi twende wote mkahawani, msikose," watatabasamu na kuitikia. Siku ikifika wengine hawatatokea, nawe utawaandikia jamaa zako kwamba Wathai ni wanafiki. Si wanafiki: wewe umewafungia mlango wa kukataa, wao wakatokea dirishani. Sema tu kwamba utakuwa mahali fulani kuanzia saa fulani, na atakayepita apite. Bili ni juu yako. Kama mshahara hauruhusu, usimwite mtu. Wali wa kukaanga wa kando ya barabara pamoja na marafiki wawili ni sherehe kamili, na nadhani ni bora kuliko karamu ya mkopo.

Darasani siku hiyo ni mtaji. Watoto watakuuliza umri wako bila kusita. Usihamaki, wala usiwafundishe kwamba Waingereza huona swali hilo baya, ukaishia hapo. Mthai hutaka kujua nani mkubwa na nani mdogo ili ajue namna ya kumwita, na aliyelelewa na shikamoo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kisha watauliza ulizaliwa siku gani ya wiki. Hapo wengi wetu hukwama, kwa hiyo itafute kabla hujapanda ndege. Kwao kila siku ina rangi: Jumatatu njano, Jumanne pinki, Jumatano kijani, Alhamisi rangi ya chungwa, Ijumaa samawati, Jumamosi zambarau, Jumapili nyekundu. Katika mahekalu mengi utakuta sanamu za Budha zilizopangwa kwa siku, na mtu huiendea ile ya siku yake. Mfalme Vajiralongkorn alizaliwa Jumatatu, 28 Julai 1952. Baba yake, Bhumibol, naye Jumatatu, 5 Desemba 1927. Ndiyo maana njano utaiona kila mahali. Sisi tuna kina Jumanne na Khamisi mtaa mzima, na ni nadra kumuuliza mmoja wao habari ya jina lake. Kama wewe ni mmojawapo, somo la siku za wiki umezaliwa nalo.

Kwa kuwa nimemtaja mfalme: usimfanyie mzaha, si darasani, si kwenye meza ya bia. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai kina kifungo cha miaka 3 hadi 15.

Usiwaulize watoto walipewa zawadi gani siku zao za kuzaliwa. Yupo ambaye hajawahi kupewa kitu, na Kiingereza kina maswali mengine. Wakikuletea kadi walizochora, zipokee kwa furaha. Mzazi akileta kitu cha thamani, kirudishe kwa upole kupitia mkuu wa shule. Nchini humo hata mtumishi wa umma haruhusiwi kupokea zawadi inayozidi baht 3,000 kutoka kwa asiye ndugu yake. Zawadi iliyofungwa usiipasue mbele ya aliyekupa. Na picha za watoto na keki zisiende mtandaoni, hata kama wewe umependeza.

Kama dini yako haikuruhusu kushika ubani hekaluni, usishike. Simama kwa heshima, vua viatu panapovuliwa, na sadaka yako ipeleke kwenye chakula cha watoto. Ukipangiwa Pattani, Yala au Narathiwat, wenyeji wengi ni Waislamu: tazama alama ya halali hata kwenye peremende, na usishangae mwenzako asiyesherehekea kabisa.

Nyumbani nako wana haki yao. Bangkok iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 4, kwa hiyo jamaa wanaongoja usiku wa manane ili wawe wa kwanza kukupongeza watakuamsha saa kumi alfajiri. Zima simu ulale. Mama mpigie saa kumi jioni, kwake itakuwa saa sita mchana, na usimhesabie ambao hawakukupongeza.

Kisha andika daftarini siku za wenzako, maana waliokula keki yako wana zao, na 16 Januari ni Siku ya Walimu kwa wote. Mmoja akikuambia alizaliwa mwaka 2530, usicheke. Ni kalenda ya Kibudha. Toa 543 kabla ya kununua mishumaa.