Mlango Unaolia



Dominika hii tunaanza kipindi cha Majilio, na ujumbe wangu wa leo unatoka kwenye mlango wa gari. Usicheke kwanza. Chukua Biblia yako, fungua Ufunuo 3:20, pale Yesu anaposema kwamba amesimama mlangoni anabisha, na atakayemfungulia ataingia kwake wale pamoja. Ukishasoma, rudi hapa tuendelee.

Nyumbani kwetu Dodoma tuna gari moja dogo la zamani, aliloliacha marehemu baba. Dereva ni mimi. Kazi yake kubwa ni kumpeleka mama kliniki ya presha kila mwezi na kutupeleka wote kanisani siku ya Dominika. Mwaka jana, kiangazi kilipokolea, mlango wa upande wa mama, ule wa mbele kushoto, ulianza kulia. Tukiwa kwenye lami, kimya. Tukishuka barabara ya vumbi kuelekea nyumbani, kila shimo kwii, kila tuta kwii.

Unajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Wiki kadhaa dawa yangu ilikuwa hiyo. Redio ikizimwa, mlango unaendelea pale ulipoishia.

Siku moja tunarudi kliniki, mama akaniuliza kama nimeshamnunulia mdogo wangu madaftari. Nikamjibu kwa mkato, "Mama, si nimesema nitanunua?" Akanyamaza. Mbele kidogo tukapita shimo, mlango ukalia. Mama akaugusa kwa kiganja, akasema taratibu, "Na huu nao siku hizi unanijibu kama wewe."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea.

Kesho yake nikaamua kushughulika na mlango. Ona moyo wa binadamu ulivyo mjanja: mama alikuwa amesema mambo mawili kwa pamoja, mimi nikachagua lile jepesi. Nikachukua oili chafu iliyobaki kwenye dumu, nikapaka bawaba, nikapaka na ule mpira mweusi unaozunguka mlango. Siku mbili tatu kimya kabisa, nikajisifu kuwa fundi. Baada ya wiki chache mpira umevimba, unanata, vumbi la mtaa mzima limehamia pale, gauni la mama la kanisani limepata doa, na kelele imerudi palepale.

Halafu ikaja mvua. Ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio kama hii. Maji yakapenya chini ya mlango na pembeni, na mama akaingia Misani upande mmoja umelowa. Alikwenda kupokea Komunyo akiwa hivyo hivyo. Hakuniambia neno. Mimi nilibaki nimekaa kwenye benchi, sikuthubutu kupanga mstari.

Jumatatu nikaenda gereji. Fundi ni mzee wa parokia yetu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akafungua mlango akaufunga mara tatu, akasikiliza. Haukulia. Akasema, "Mwanangu, bawaba yako ni nzima. Ingekuwa bawaba, mlango ungelia ukifungua na ukifunga. Huu unalia gari likitembea, basi shida iko kwenye raba." Akatoa noti, akaibana kwenye mlango kwa chini, akaufunga, akaivuta. Noti ikatoka bila shida yoyote. Akarudia kwenye mlango wa nyuma, ikashikwa. "Umeona? Hapa hapakamati tena. Ndipo maji yanapopita."

Akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Mlango ni chuma, na mahali unapofungia ni chuma. Kati yao kuna kitu laini. Barabara ikitikisa gari, kile kitu laini ndicho kinachobeba msuguano. Kikichomwa na jua na kujaa vumbi, kinakuwa kikavu na kigumu, kinaanza kukwaruza rangi, ndiyo hiyo kelele. Nikamwambia mbona nilipaka oili. Akatikisa kichwa. Oili ya injini ni adui wa raba ya namna ile: inaivimbisha, inailegeza, mwisho inaiua. Raba hiyo inataka kuoshwa kwa maji na sabuni isiyo kali, kitambaa kipite kwenye kila mkunjo, na ile sehemu ya bodi inapogusana na raba nayo isafishwe. Ikauke kabisa. Baada ya hapo ndipo inapakwa grisi ya silikoni, kidogo tu, na inayozidi inafutwa.

Milango mitatu tuliitibu hivyo, haikufika hata saa moja. Mlango wa mama haukutibika, ilibidi ninunue raba nyingine. Hapo ndipo niliposhikwa. Kelele ile ingetibika kwa maji ya sabuni na kitambaa. Kilichoua raba ni dawa yangu ya kuzimia kelele.

Kijana mwenzangu, sasa tuje kwetu.

Kwanza, kelele ni taarifa. Dhamiri ikikusuta usiku kwa sababu ya ulivyomjibu mzazi, au ulivyomchafua rafiki kwenye kundi la WhatsApp, huo ni mlango unalia. Wengi wetu tunaongeza redio. Tunashika simu, video moja, nyingine, hadi usingizi utuchukue. Kelele haijaisha, tumeifunika tu. Na kumbuka yale maneno ya Ufunuo 3 hayakuandikwa kwa wapagani. Yaliandikwa kwa Kanisa la Laodikia, watu waliokwisha kubatizwa, ambao Bwana anawaambia ni vuguvugu. Anabisha kwenye mlango wa watu wake mwenyewe. Mtu aliyezoea kufunika kelele atasikiaje anayebisha?

Pili, osha kwanza, paka baadaye. Hapa naomba niwe mkweli. Nilikuwa na tabia: nikimjibu mama vibaya, jioni narudi na matunda au kitenge. Nilidhani huo ni upendo. Zawadi ni nzuri, lakini ukipaka grisi juu ya vumbi unapata tope. Sikuwa nimesema samahani hata mara moja. Kwa Mungu tunafanya hivyohivyo: naimba kwaya, nimechangia harambee, nimesali Rozari mwezi wote wa Oktoba, lakini kitubio nakikwepa mwaka mzima kwa sababu "sijaua mtu".

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1863, inafundisha kwamba dhambi nyepesi ikifanywa kwa makusudi na bila majuto hudhoofisha upendo, na kidogo kidogo hututayarisha kwa dhambi ya mauti. Na namba 1458 inasema kuungama dhambi nyepesi si lazima kabisa, lakini Kanisa linapendekeza sana tufanye hivyo mara kwa mara, kwa maana kunatusaidia kulea dhamiri na kuponywa na Kristo. Ni ile kazi ya kitambaa na maji. Haina makuu, ila inabidi ifike kwenye kila mkunjo.

Tatu, kidogo kidogo, kabla mlango haujalia. Fundi aliniambia nisisubiri kelele: kiangazi kikianza niangalie raba, mvua zikikaribia niangalie tena. Hayati Papa Fransisko alipenda kuzikumbusha familia maneno matatu: naomba, asante, samahani. Ameyaweka hata katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo ndani ya familia, Amoris Laetitia. Ni maneno madogo mno kiasi kwamba mwanamume anaona aibu kuyasema nyumbani kwao. Lakini ndicho kile kitu laini katikati ya chuma na chuma. Watu wawili wagumu wanaoishi nyumba moja, barabara ya maisha ikiwatikisa, lazima kuwe na kitu laini kati yao. La sivyo watakwaruzana hadi rangi itoke.

Lakini ngoja. Usije ukamaliza kusoma hapa ukaanza kuhesabu kelele za wengine! Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, yule Mkarmeli wa Lisieux kule Ufaransa aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, anasimulia habari ya mtawa mmoja aliyekuwa akikaa nyuma yake wakati wa tafakari ya jioni. Mtawa yule alikuwa akitoa kasauti ka ajabu, kama makombe mawili ya baharini yanayosuguana. Teresa aliteseka hadi jasho likamtoka. Alitamani ageuke amtazame tu, mwenzake ajue. Hakugeuka. Akaamua kuisikiliza ile kelele kama vile anasikiliza muziki mzuri, akamtolea Yesu kama sala yake. Huyu ndiye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997.

Basi kanuni ni hii: kelele ya mwenzako ichukulie kwa uvumilivu, ya kwako itibu. Sisi huwa tunageuza.

Jumamosi ile nilikwenda kuungama. Safari zote za nyuma nilikuwa nasema "nimekosa adabu", maneno ya jumla jumla. Safari hii nilisema kama ilivyo: namjibu mama yangu vibaya, na namjibu hivyo kwa sababu najua hataniacha. Jioni nikamkuta jikoni. Nikasema, "Mama, samahani." Akauliza bila kugeuka, "Ya mlango?" Nikasema, "Hapana mama. Ya majibu." Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisogeze kikombe aniongeze chai.

Sijapona moja kwa moja. Wiki iliyopita nilimjibu tena, na nikaomba tena samahani kabla ya kulala. Raba mpya nayo inashika vumbi, ndiyo maana kitambaa kinakaa ndani ya gari.

Tendea kazi wiki hii ya kwanza ya Majilio:

1. Usiku mmoja zima simu dakika kumi kabla ya kulala, jiulize: ni mlango gani wangu unalia?
2. Tafuta ratiba ya kitubio parokiani kwako, uende kabla msongamano wa Noeli haujaanza.
3. Mwombe msamaha mtu mmoja wa nyumbani kwako, kwa mdomo, bila zawadi na bila "lakini".

Tusali. Bwana Yesu, unabisha kila siku na mimi napandisha redio. Nipe masikio ya kusikia kelele yangu mwenyewe, na subira ya kubeba ya wengine. Osha vumbi lililoganda moyoni mwangu, ulainishe palipokauka, ili ukija Noeli hii ukute mlango unaofunguka. Maria, Mama yetu, utuombee. Amina.

Na mwenye gari, akaangalie na raba zake.